Kufunga kadi ya mkopo usiyoitumia: hesabu ya Marekani si hesabu ya Mombasa

“Usifunge kadi ya mkopo hata kama huitumii, alama zako zitaporomoka.” Maneno haya yamezagaa mitandaoni, na wengi wetu tumeyapokea jinsi yalivyo. Kuna mwajiriwa wa bandarini aliyepewa kadi pamoja na akaunti ya mshahara. Kuna mhudumu wa hoteli aliyeijaza fomu kwa sababu afisa wa benki alikuja hadi kazini. Kuna mfanyabiashara aliyechukua kadi ya kununulia bidhaa Dubai, kisha akapata njia nyingine ya kulipa. Kadi imelala kabatini, mwenyewe haitumii, na anaogopa kuifunga.

Ushauri huo haukuzuliwa. Una msingi, ila msingi wenyewe uko Marekani, kwenye kanuni za hesabu zilizotungwa kwa wakopaji wa huko. Kwa mkopaji wa Kenya, hatari kubwa haiko katika kuifunga kadi. Iko katika kuiacha wazi bila kuiangalia, au kuifunga nusunusu. Ili jambo hili lieleweke, tuanze na maneno yenyewe.

Kadi ya mkopo si kadi ya ATM. Ukitumia kadi ya ATM, pesa zinazotoka ni zako, zilizomo kwenye akaunti. Ukitumia kadi ya mkopo, benki inakulipia kwa pesa zake, halafu mwisho wa mzunguko wa mwezi inakutumia stetimenti: umetumia kiasi hiki, kiwango cha chini cha kulipa ni hiki, na siku ya mwisho ni hii. Kiasi cha juu kabisa unachoruhusiwa kukopa kwa kadi hiyo ndicho watu huita limiti, kama vile limiti ya Fuliza, ile huduma ya M-Pesa ya kukopa salio likipungua. Kwa hiyo anayefunga kadi ya ATM hana haja ya kuwaza alama za mkopo, maana kadi hiyo si deni. Mambo hubadilika tu ikiwa akaunti yenyewe ina ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya pesa zilizomo.

Alama za mkopo ni namba inayokadiria uwezekano wa wewe kulipa deni kwa wakati. Nchini Kenya hutolewa na kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kukusanya taarifa za wakopaji, yaani CRB. Ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja ina hesabu yake, ndiyo maana alama zako zinaweza kutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine bila yeyote kukosea. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900. Marekani, alama zinazotumika zaidi ni za kampuni ya FICO, kuanzia 300 hadi 850.

Na hapa kuna dhana ya kung'oa mapema. Mtu husema “niko CRB” kwa sauti ya aliyefungwa jela. Ukweli ni kwamba karibu kila aliyewahi kukopa benki yuko CRB. Taarifa za mikopo mibovu zilianza kupelekwa huko mwaka 2010, na kanuni za mwaka 2013 zikaongeza taarifa nzuri pia: mkopo uliolipwa kwa wakati huingia kwenye faili sawa na mkopo uliokwama. Cha kuogopa ni kuorodheshwa kama mdeni aliyeshindwa kulipa. Kuwa na jina ndani ya CRB peke yake hakudhuru, na faili iliyojaa malipo mazuri humsaidia mwenye nayo.

Mahali ushauri ulipotoka

FICO wametangaza wazi uzito wa vipengele vya alama zao. Historia ya malipo ni asilimia 35. Kiasi unachodaiwa ni asilimia 30. Umri wa historia yako ya mikopo ni asilimia 15. Mikopo mipya ni 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo ni 10.

Hofu ya kufunga kadi inatoka kwenye ile asilimia 30. Ndani yake kuna kipimo kinachoangalia umetumia sehemu gani ya limiti zako zote. Chukua abiria 3 uwapandishe matatu ya viti 14. Hakuna atakayesema gari limejaa. Wachukue walewale 3 uwaingize kwenye tuktuk, na tuktuk imejaa. Abiria hawakuongezeka, viti ndivyo vilivyopungua. Kwenye kadi, abiria ni deni na viti ni limiti. Ukifunga kadi, limiti yake inaondoka kwenye hesabu, na deni lililobaki kwenye kadi nyingine linaonekana kubwa hata kama hujaongeza senti.

Kwa namba: ndugu yako anaishi Ohio na ana kadi mbili. Ya kwanza, ya zamani na haitumii, ina limiti ya dola 2,000. Ya pili ina limiti ya dola 3,000 na anadaiwa dola 1,500. Jumla ya limiti ni 5,000, deni ni 1,500, kwa hiyo ametumia asilimia 30. Akifunga ile ya zamani, inabaki limiti ya 3,000 kwa deni lilelile la 1,500, nayo ni asilimia 50. Alama zake zinaweza kushuka mwezi huohuo.

Sasa badilisha jambo moja tu: tuseme kadi ya pili haina deni lolote. Sifuri ukiigawa kwa 5,000 ni sifuri, na ukiigawa kwa 3,000 ni sifuri vilevile. Kwa upande huu kufunga kadi hakumpunguzii kitu. Ushauri wa “usifunge kamwe” hautaji sharti hili, na bila sharti hili unapotosha hata Wamarekani wenyewe. Isitoshe, hesabu nyingi za FICO huangalia deni kama lilivyo katika ripoti ya karibuni tu, kwa hiyo mshuko wa aina hii huisha deni likilipwa. Ni matoleo mapya zaidi yanayofuatilia mwenendo wa miezi iliyotangulia.

Sehemu ya pili ya hofu ni umri wa historia. Wengi huamini kwamba ukifunga kadi ya miaka 8, miaka 8 inafutika siku hiyo. Haifutiki. Marekani, akaunti iliyofungwa ikiwa safi hubaki kwenye ripoti hadi miaka 10, na FICO wanaendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. Athari, kama itakuwapo, huja miaka mingi baadaye akaunti hiyo inapotoka kwenye ripoti.

Kuna tofauti nyingine ambayo husahaulika. Sheria ya kadi za mkopo ya Marekani ya mwaka 2009 ilisababisha benki kupigwa marufuku kumtoza mteja kwa sababu tu hatumii kadi yake, na kadi nyingi huko hazina ada ya mwaka. Ndiyo maana Mmarekani anaweza kuiacha kadi kwenye droo bila gharama yoyote. Mteja wa Mombasa hana uhakika huo.

Hapa kwetu hesabu inakaaje

Kampuni za CRB za Kenya hazitangazi mgawanyo wa asilimia kama wa FICO. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba kufunga kadi Kenya “kutakupunguzia alama 40” anakisia. Tunachokijua kwa uhakika ni aina ya taarifa zinazopelekwa. Kila mwezi benki hutuma hali ya mikopo yako: aina ya mkopo, kiasi ulichopewa, salio, siku ulizochelewa, na kama akaunti iko wazi au imefungwa. Alama hutengenezwa kutokana na hizo, na kuchelewa kulipa ndiko kunakouma zaidi.

Ukifunga kadi ambayo haina deni na hujawahi kuchelewesha malipo yake, taarifa inayokwenda CRB ni kwamba akaunti imefungwa, salio ni sifuri, hakuna ucheleweshaji. Hiyo ni taarifa nzuri. Haiandikwi kama kosa wala haikuweki kwenye orodha yoyote.

Je, kupungua kwa limiti hakuwezi kukuathiri kabisa? Kunaweza, iwapo una kadi nyingine yenye deni kubwa na hesabu ya kampuni husika inapima deni dhidi ya limiti. Kwa tahadhari, lipa deni la kadi unayobaki nayo kwanza, ndipo ufunge nyingine. Lakini Wakenya wengi wenye kadi ya mkopo wana moja tu, na sehemu kubwa ya historia yao imejengwa na mikopo ya simu kama M-Shwari na KCB M-Pesa, mikopo ya mshahara na mikopo ya SACCO. Kwao kadi ni tawi moja dogo la faili.

Upo upande ambao huongelewa kidogo sana, na ni muhimu kwa anayetaka mkopo wa nyumba au wa gari. Afisa wa mikopo haangalii alama peke yake. Anaangalia pia mzigo wako wa madeni dhidi ya mshahara, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kadi yenye limiti ya shilingi 300,000, hata ikiwa na salio sifuri, ni pesa unazoweza kuzikopa kesho asubuhi. Benki nyingine huihesabu limiti hiyo, au sehemu yake, kama wajibu uliopo tayari. Katika hali hiyo kuifunga kadi, au kuomba limiti ipunguzwe hadi 50,000, kunaweza kukuongezea kiasi unachoweza kukopeshwa. Muulize afisa wako swali hili moja kwa moja kabla ya kujaza fomu.

Kadi iliyosahaulika ndiyo yenye sumu

Hapa ndipo watu wanapoumia kweli, na inasikitisha kwa sababu wengi wao ni walipaji wazuri.

Kadi nyingi za mkopo Kenya zina ada ya mwaka. Aghalabu mwaka wa kwanza husamehewa, na hapo ndipo mtego ulipo, maana mteja anazoea kwamba kadi haimgharimu kitu. Mwaka wa pili ada inatozwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye akaunti ya mshahara. Maana yake ada ile ni deni la kadi, sawasawa na kama ungekwenda dukani ukanunua kitu.

Tuifuatilie kwa tarehe. Tuseme ada ni shilingi 3,500 na inatozwa tarehe 5 Januari. Stetimenti inatoka tarehe 20 Januari, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 10 Februari. Mwenye kadi hajui lolote, kwa sababu stetimenti inakwenda kwenye barua pepe ya kazi aliyoiacha, au kwenye sanduku la posta la hoteli ambako mkataba wake uliisha. Februari inaongezwa faini ya kuchelewa na riba. Machi faini nyingine. Kufikia katikati ya Mei siku 90 zimetimia, na kwa vipimo vya Benki Kuu mkopo uliochelewa kupita siku 90 ni mkopo usiolipika. Benki sasa ina haki ya kumwasilisha CRB kama aliyeshindwa kulipa. Na Mei, kwa wanaoishi kwa hoteli za Pwani, ni msimu wa mvua na wageni wachache, wakati ambapo mtu anahitaji mkopo mdogo wa kujikimu. Anapiga simu, anajaza ombi, anaambiwa ameorodheshwa kwa kadi ambayo hata hakumbuki iko wapi.

Kanuni za mwaka 2020 ziliweka kizingiti: deni lisilofika shilingi 1,000 haliwezi kukuorodhesha vibaya. Kizingiti hicho kiliwaokoa wengi waliokuwa wakinyimwa mikopo kwa sababu ya shilingi 200 za mkopo wa simu. Lakini ada ya kadi pamoja na faini zake hukivuka kwa urahisi. Kanuni pia zinaitaka benki ikupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha vibaya. Notisi hiyo nayo inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye faili yako. Ikiwa anwani ni ya zamani, notisi imetumwa kihalali na wewe hukuiona.

Ukishaorodheshwa, kulipa kunasaidia lakini hakufuti. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo, na hali yako itabadilishwa ionekane umelipa. Hata hivyo kumbukumbu ya kwamba uliwahi kushindwa hukaa miaka 5 kuanzia siku deni lilipomalizwa. Miaka 5 kwa ada ya kadi usiyoitumia ni bei kubwa mno.

Wapo wanaodhani wanajikinga kwa kuikata kadi kwa mkasi. Kadi ni plastiki tu. Akaunti iko kwenye mitambo ya benki na inaendelea kutozwa ada. Kubadilisha laini ya simu nako hakusaidii, maana faili ya CRB imefungamanishwa na namba ya kitambulisho chako. Na kuiacha imalize muda wake? Hapo pia kuna hatari: benki inaweza kutengeneza kadi mpya, ikaitoza gharama ya kuitengeneza, na akaunti ikaendelea kama kawaida.

Jinsi ya kuifunga ifungike

Kabla ya lolote, pata stetimenti za miezi 3 ya mwisho na uzisome mstari kwa mstari. Unatafuta malipo yanayojirudia: huduma ya filamu, hifadhi ya picha ya simu, bima, tangazo la biashara mtandaoni. Yahamishie kwenye njia nyingine, kisha subiri mzunguko mmoja mzima uhakikishe hakuna kilichobaki. Malipo moja ya shilingi 300 yakiingia baada ya kutuma barua ya kufunga, akaunti inarudi kuwa na deni na zoezi zima linakwama. Kama uliitumia kadi kukodi gari au kuweka chumba cha hoteli, hakikisha kile kiasi walichozuilia kimeachiliwa. Kama una pointi za zawadi, zitumie sasa.

Halafu omba kiasi cha kumalizia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Salio la stetimenti si sawa na kiasi cha kumaliza deni. Tuseme stetimenti ya tarehe 20 inaonyesha shilingi 40,000 ulizobakiza mwezi uliopita, na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ya mwezi mzima ni shilingi 1,400. Ukilipa siku 20 baadaye, riba ya siku hizo ni kama shilingi 933, nayo haimo kwenye ile 40,000. Unalipa 40,000, unatembea kifua mbele, na nyuma yako kumebaki shilingi 933. Kiasi hicho kiko chini ya kizingiti cha 1,000, lakini faini moja tu ya kuchelewa inakivusha. Kwa hiyo usiulize “nadaiwa ngapi?” Uliza “nikilipa tarehe fulani, ni kiasi gani kitamaliza kila kitu, riba na ada zikiwemo?” Waombe wakuandikie, na ulipe ndani ya tarehe hiyo. Ikiwa kadi yako ina akaunti mbili, ya shilingi na ya dola, omba kiasi cha kila moja. Wengi waliofanya ununuzi wa nje hufunga ya shilingi na kuisahau ya dola.

Kisha andika barua. Simu haitoshi, hata kama sauti ya upande wa pili ni ya upole. Taja jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, tarakimu 4 za mwisho za kadi, na sentensi isiyo na utata kwamba unaomba akaunti ya kadi ifungwe na usitozwe ada yoyote tena. Usiandike namba nzima ya kadi. Ukienda tawini, iwe Moi Avenue, Nyali au kwingineko, beba nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya kumbukumbu ya ombi. Kama mwenzi wako au mwanao ana kadi ya ziada kwenye akaunti hiyohiyo, itaje nayo.

Kuna kadi zilizotolewa kwa dhamana ya pesa zilizowekwa kwa muda maalumu. Kama yako ni ya aina hii, ongeza kwenye barua ombi la kuondolewa kizuizi juu ya pesa hizo. Usitegemee kwamba kufungwa kwa kadi kutaziachia pesa zenyewe. Na kama umelipa kupita kiasi, eleza akaunti ya kurudishiwa.

Benki nyingi hushikilia akaunti kwa wiki kadhaa kabla ya kuifunga rasmi, ili malipo yaliyochelewa kufika yapate nafasi ya kuingia. Muda huo ni wa kawaida, ila usikubali uishe kimya. Ukiisha, dai barua inayosema akaunti imefungwa na hudaiwi. Itunze pamoja na hati zako za muda mrefu, na uwe na picha yake kwenye simu. Siku benki yako ikiunganishwa na nyingine au ikibadilisha mitambo, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Wakati wa kusubiri

Usifunge kadi ukiwa katikati ya ombi la mkopo mkubwa. Si kwa sababu kufunga ni kosa, bali kwa sababu faili ikibadilika kati ya siku uliyopimwa na siku ya kuidhinishwa, afisa atarudi na maswali, na mambo yatachelewa. Funga mapema, miezi kadhaa kabla, au ngoja mkopo utoke.

Kama kadi hiyo ndiyo mkopo pekee uliowahi kuwa nao, na imelipwa vizuri, kuna sababu ya kuibakiza: bila mkopo wowote ulio hai, faili yako haitakuwa na malipo mapya ya kuonyesha. Lakini ibakize kwa vitendo. Ilipie kitu kimoja kidogo kila mwezi, kama tokeni za stima au mafuta ya gari, ulipe chote kabla ya siku ya mwisho, na kabla ya hapo iombe benki ikuhamishie kwenye kadi isiyo na ada au ikusamehe ada. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa ukisema wazi kwamba unafikiria kufunga. Na usiache salio dogo kila mwezi kwa imani kwamba linapandisha alama. Halipandishi, linakutoza riba tu.

Kama kadi inakutia majaribuni na kila mwezi unajikuta umelipa kiwango cha chini huku deni likisogea juu, basi habari ya alama iweke kando na uifunge. Si lazima deni liwe limeisha ndipo uzuie matumizi: unaweza kuomba kadi isimamishwe isitumike, ukaendelea kulipa kwa mpango mlioandikiana. Hakuna alama inayostahili riba ya asilimia kadhaa kwa mwezi.

Kwa wenye jamaa ughaibuni, au wanaorudi nyumbani, jambo moja zaidi. Faili ya mikopo ya Marekani haihamii Kenya, wala ya Kenya haiendi huko yenyewe, hata kama jina TransUnion liko kote kuwili. Anayerudi Mombasa na hana deni huko anaweza kufunga kadi zake za ng'ambo bila kugusa faili yake ya hapa. Anayefikiria kurudi tena Marekani, abakize moja isiyo na ada na aitumie mara mojamoja, kwa sababu benki za huko zinaweza kuifunga kadi isiyotumika bila kumwarifu.

Kukagua baada ya kufunga

Subiri miezi miwili, kwa kuwa benki hupeleka taarifa kila mwezi, kisha omba ripoti yako. Kanuni zinakupa haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kila kampuni. Metropol hupatikana kwa kubonyeza *433# na pia mtandaoni. TransUnion na Creditinfo kupitia tovuti zao. Angalia zote tatu, maana benki inaweza kuwa imerekebisha kwa moja na si kwa nyingine. Kujiangalia mwenyewe hakushushi alama zako, kwa hiyo usiogope.

Kwenye ripoti tafuta akaunti ya kadi hiyo. Hali yake iwe imefungwa, salio sifuri, siku za kuchelewa sifuri. Ikiwa bado inaonyesha iko wazi, au ina salio, peleka malalamiko kwa CRB husika ukiambatanisha ile barua ya kufungwa na risiti ya malipo ya mwisho. CRB hailifuti jambo kwa kauli yako. Inairudia benki iliyotuma taarifa na kuitaka ithibitishe au irekebishe. Kwa hiyo, siku hiyohiyo unapolalamika CRB, ipelekee benki nakala, ili ombi likifika mezani kwao wakute ushahidi tayari upo. Benki ikikaa kimya, andika kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi lake hapa Mombasa kwenye Barabara ya Nkrumah, ukiambatanisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe, kuanzia ile iliyogongwa muhuri.